Vidole Viwili vya Upepo

Mapovu hayakutoka.

Kiraka alilizamisha tena tumbo moja la godoro la upepo ndani ya beseni la kufulia, akalikandamiza kwa viganja viwili mpaka maji yakamfika viwikoni, akainamisha uso na kungoja. Kama pangekuwa na tundu, hata dogo kama la ncha ya sindano, ungepanda uzi wa mapovu, moja nyuma ya jingine, kama watoto wanaotoka darasani. Maji yalitulia tuli. Ndani yake aliuona uso wake mwenyewe, na juu ya bega lake uso wa Bwana Stoo, kalamu sikioni, karatasi mkononi, akihama mguu huu kwenda ule kama mtu aliyebanwa na haja.

"Bi Kiraka, hiyo mara ya tatu," alisema Bwana Stoo. "Godoro unalipima au unalibatiza?"

"Halivuji."

"Sikukuuliza kama linavuja. Nimekuomba sahihi."

Kiraka alilitoa tumbo majini, akalifuta kwa aproni, akalipakata mapajani. Lilikuwa la tisa kuhesabu kutoka kichwani, lile linalokaa chini ya kifandugu cha mgonjwa, mfupa wa mwisho wa mgongo. Wiki tatu zilizopita lilifumuka mshono, na yeye ndiye aliyeliziba. Alilikwangua kwa msasa mpaka likapoteza mng'ao. Akakata kiraka cha duara kutoka kwenye godoro lililokwisha kufa, maana kona ndizo zinazoanza kuinuka. Akapaka gundi nyembamba, mara mbili, akakigandamiza kwa pasi baridi siku nzima. Sasa alipitisha kidole pembeni mwa kiraka hicho, mzunguko mzima, polepole. Hakuna mahali ukucha uliponasa.

Jina lake halikuwa Kiraka. Wauguzi walimwita hivyo mwaka ule alipoanza kuziba magodoro ya upepo katika chumba cha kufulia, yeye aliyeajiriwa kushona mashuka yaliyochanika. Mwanzoni walimtania. Baadaye jina likamganda, naye akaliacha limgande.

Asubuhi hii lilikuwa halitamkwi kwa utani. Saa moja Bwana Stoo alikuja akisukuma godoro na pampu yake kwenye mkokoteni, akasema kidonda cha Fundi wa wodi ya tano kimechimbika upya, kimekuwa cheusi pembeni, na Metroni ameshaandika sababu: kiraka kimeachia. Kusema kweli, Kiraka aliogopa. Mara ya kwanza alilizamisha lile tumbo huku akiomba. Mara ya pili alihesabu mpaka mia. Hii ya tatu alilizamisha kwa hasira.

"Nisomee tena," alisema.

Bwana Stoo alikohoa kidogo, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. "Mimi, mshonaji wa chumba cha kufulia, nakiri kwamba niliziba godoro bila idhini ya maandishi, kwamba kiraka changu kiliachia na kumdhuru mgonjwa, na kwamba magodoro yote manane niliyowahi kuyaziba hayafai, yateketezwe. Sahihi hapa. Tarehe hapa."

"Nikitia sahihi?"

"Yamekwisha. Unahamia korido, unashika mopu, kazi unabaki nayo. Metroni ameonyesha utu, dada yangu. Kuna wengine wangekuita polisi."

"Na magodoro?"

"Saa nane mkokoteni unapita kwenda kwenye tanuri la taka. Yote manane."

"Na Fundi sasa hivi analalia nini?"

Bwana Stoo alitazama karatasi, kana kwamba jibu limeandikwa humo. "Sponji. Na mablanketi mawili, yamekunjwa vizuri kabisa."

Kiraka alifumba macho. Aliijua sponji ya wodi ya tano. Katikati ilikuwa imekwisha, ukiikalia unakutana na chuma. Fundi, mwashi aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu na kuvunjika mgongo, hakuwa anasikia chochote kuanzia kiunoni kwenda chini. Mtu mwenye mwili mzima akikaa vibaya, maumivu humwambia ageuke. Fundi hakuwa na wa kumwambia. Nyama yake ilikuwa ikifa kimyakimya pale mfupa unapogandamiza, damu ikikosa njia, na yeye anapiga soga. Daktari wa vidonda alishatoa neno lake: kidonda kikiwa chekundu chini, Alhamisi anakuja kumpandikiza ngozi. Kikifika mfupani, asiitwe.

Leo ilikuwa Jumatatu.

"Kilikuwa kinafumba," alisema Kiraka, akijisemea zaidi kuliko kumsemesha mtu. "Mwezi uliopita kilikuwa kinafumba."

Akainama kuizungusha mipira ya pampu aiweke vizuri, maana mikono yake haikujua kukaa bure hata kwenye msiba. Pampu hakuwa akiiona mara kwa mara. Pampu hukaa wodini, imening'inia miguuni mwa kitanda. Yeye huletewa magodoro tu, na huyapima kwa pampu yake ya zamani ya chumba cha kufulia. Basi aliigeuza hii, akaona kitu cheupe juu ya kitufe. Plasta. Ile ya kufungia vidonda, imezungushwa mara tatu, imebanwa kwa kucha.

Godoro lenyewe halikuwa na uchawi. Matumbo kumi na nane, yamelala yamekingama kama vipago vya ngazi. Pampu huyajaza ya shufwa na kuyalegeza ya witiri, kisha baada ya dakika kumi huyabadilisha, hivyohivyo kutwa kucha, ili pasiwepo mahali pa mwili panapolemewa bila kupumzika. Na kitufe kinazunguka kwa uzito wa mgonjwa, kuanzia kilo arobaini mpaka mia na hamsini. Mzito anahitaji upepo mwingi. Mwembamba anahitaji kidogo, azame, godoro limkumbatie.

Kitufe kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho, kikafungwa hapo.

"Nani kabandika hii?"

"Metroni. Pampu zote. Hukusikia? Wale wakaguzi waliokuja, mmoja alilibonyeza godoro kwa kidole gumba, likabonyea, akaandika 'godoro limepwaya'. Mama wa watu hakula siku ile. Kesho yake akapita kitanda kwa kitanda na mkasi na plasta. Akasema kuanzia leo kila godoro liwe limejaa ndi, na atakayegusa kitufe atanitambua."

"Wakaguzi walikuja lini?"

"Wiki nne, tano hivi."

Wiki tano. Kiraka alihesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza. Katika wiki tano hizo alikuwa ameletewa matumbo matano yaliyofumuka mishono. Mwaka mzima uliotangulia hayakufika matatu. Alidhani magodoro yamezeeka. Aliilaumu gundi. Alijilaumu mwenyewe.

Akaviona vidole gumba vyote vya ulimwengu. Alipomaliza darasa la saba alikaa miaka sita kando ya mjomba wake, wakiziba mipira ya baiskeli chini ya kibanda cha bati, na kila mwenye baiskeli alifanya hivyohivyo kabla ya kuondoka: aliinama, akabonyeza kwa kidole gumba, akitaka gumu. Gumu ndiyo zima. Hata mkaguzi mwenye tai, hata Metroni mwenye miaka thelathini ya kazi.

"Kilo mia na hamsini," alisema. "Fundi ana hamsini na mbili. Wamemlaza juu ya gurudumu."

"Sasa hayo mwambie Metroni baada ya kutia..."

Kiraka alikuwa ameshalirudisha tumbo la tisa mahali pake na kulifungia vifungo. Akalikunja godoro, akalitupa begani kama mkeka, pampu akaikwapua kwa mkono wa pili.

"Bi Kiraka! Hicho ni kifaa kilichofutwa! Kipo kwenye fomu yangu!"

"Basi njoo na fomu yako, tufuatane."

Alikatiza uani mchana kweupe, mipira ya pampu ikimburuzikia nyuma kama mikia, na wote waliokuwa wakianika mashuka wakageuza shingo. Hakukimbia. Angekimbia, ingekuwa kama anaiba.

Katika wodi ya tano Fundi alikuwa amelala ubavu, amekabwa na mto mgongoni. Miguuni alivalishwa buti za upepo, zile zinazombana kuanzia kwenye kifundo cha mguu kupanda pajani na kuachia, ili damu isilale miguuni ikaganda. Zilikuwa zikihema zenyewe, fyuuu, kisha kimya, kisha fyuuu. Dada yake, mwanamke mnene wa maneno mengi, aliyemuuguza tangu siku ya kwanza, alikuwa ameshika kiuno.

"Huyo anakuja!" alisema dada mtu. "Umekuja kumalizia?"

"Dada, mwache aingie," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa imekonda kama yeye. "Fundi mwenzangu, karibu. Wanasema kiraka chako kimenitoboa."

"Kiraka changu kizima. Kilichovuja ni kichwa cha mtu." Kiraka alilibwaga godoro chini. "Kaka, sitaki kukudanganya. Wamenikataza. Kama hutaki nikuguse, sema sasa, nirudi na mzigo wangu."

"Na nikitaka?"

"Nakurudisha juu ya hili, lakini kwa upepo wa kilo zako, siyo kilo za kiboko."

Fundi alicheka, akakohoa. Dada yake akamtazama Kiraka kwa muda, juu mpaka chini, miguu yake yenye malapa ya maji, aproni iliyolowa. "Tangu alfajiri namgeuza kila saa mbili kama walivyoniambia," alisema, na ukali ulikuwa umemtoka. "Nikimlaza chali kidonda. Nikimlaza ubavu, nyonga nayo imeshaanza wekundu. Nimlaze wapi, mdogo wangu? Nimtundike ukutani?"

"Shika upande huo."

Muuguzi wa zamu, kijana mpole aliyeogopa hata kivuli cha Metroni, aliwatazama, akatazama mlango, kisha akaona kwamba dirisha la mwisho lina vumbi linalohitaji kufutwa mara moja. Akaenda kulifuta, mgongo kawapa.

Walimsogeza Fundi ukingoni. Waliondoa mablanketi. Kiraka alilitandika godoro juu ya sponji, akavuta mikanda chini ya fremu, akachomeka mipira, moja, mbili, akasikiliza mlio wa kunasa. Kisha akaingiza ukucha chini ya plasta na kuivuta. Ililia krrrt, wodi nzima ikasikia. Akazungusha kitufe mpaka hamsini.

Dakika ishirini matumbo yalikuwa yakivimba, taratibu, hili na hili, kama unga uliotiwa hamira. Bwana Stoo alifika, amekata pumzi, akaanza, "Mimi nimetumwa tu, na naomba ieleweke..." Dada mtu akamkatiza: "Wewe una mikono? Shika miguu." Na Bwana Stoo, mtu wa fomu maisha yake yote, akajikuta ameikumbatia miguu ya mwanamume aliyevaa buti za upepo, zikihema usoni pake.

"Moja, mbili, haya!"

Wakamnyanyua kwa shuka na kumweka katikati. Fundi akazama. Kiuno kikaingia, mabega yakaingia, matumbo yakainuka pembeni yake kama udongo laini unavyojibana kando ya tofali.

"Anazama!" Dada yake alishika mdomo. "Kiraka, linapwaya! Anazama!"

"Linapwaya kweli," ilisema sauti mlangoni.

Metroni hakuwa mwanamke wa kupiga kelele. Alikuwa mrefu, viatu vyake vilijulikana kwa mlio, na akisimama mahali watu hunyoosha mashuka hata kama hawakuambiwa. Aliitazama pampu. Akaitazama plasta iliyokunjamana sakafuni.

"Nani amekuruhusu kumgusa mgonjwa?"

"Hakuna," Kiraka alisema.

"Nani amekuruhusu kubandua plasta yangu?"

"Hakuna pia."

Metroni alisogea, akabonyeza godoro kando ya bega la Fundi kwa kidole gumba. Kidole kilizama mpaka kwenye pingili. "Mnaona? Mnaona wenyewe? Mtu analazwa kwenye mfuko mtupu. Litoe."

"Usibonyeze kwa juu, Metroni. Ingiza mkono kwa chini."

Hata muuguzi wa dirishani aliacha kufuta.

"Unanifundisha kazi?"

"Nakwambia kilichochorwa." Maneno yalikuwa yameshaanza kutoka na Kiraka hakuona sababu ya kuyazuia. "Pampu hizi zilikuja na kijitabu. Lugha sita, na yetu haimo. Nilikiokota kwenye sanduku, nikatazama picha, miaka minne nazitazama. Ukurasa wa tano kuna mgonjwa amelala, amezama. Na kuna mkono wa muuguzi, kiganja juu, umeingia chini ya godoro pale kwenye kifandugu. Kati ya vidole na mfupa pameachwa upepo, unene wa vidole viwili. Hakuna picha ya kidole gumba, Metroni. Nimetafuta mpaka kwenye jalada."

"Picha," alisema Metroni. "Mimi nimesoma miaka mitatu, na wewe unaniletea picha." Kisha, kwa sauti ndogo iliyowashangaza wote: "Unajua niliwahi kumkuta mgonjwa amelalia chuma? Umeme ulikatika, godoro likashuka, zamu nzima haikujua. Asubuhi niliinua shuka. Niliapa hakuna mtu atakayelalia godoro legevu tena mikononi mwangu."

Kiraka hakuwa amelitegemea hilo. "Ndiyo maana mkono unaingia kila zamu," alisema polepole. "Siku ile kidole gumba kisingetofautisha godoro laini na godoro tupu. Mkono ungekwambia."

"Metroni," Fundi aliita kutoka ndani ya godoro lake. "Chini huku sina habari nako. Unaweza kunikata ukaondoka nako, nitakuuliza mguu uko wapi baada ya wiki. Lakini mabega bado ni mali yangu. Wiki tano nimelala juu ya mgongo wa ng'ombe aliyekonda, nikiuliza naambiwa ndiyo dawa. Mimi nimejenga miaka ishirini. Sijawahi kulilaza tofali pakavu. Kila tofali nalipa udongo laini, likae, lijae chini lote. Nikilikalisha juu ya kokoto moja, siku moja litapasuka pale pale kwenye kokoto. Sasa mimi, mama yangu, nimekosa thamani ya tofali?"

Dada yake akajifuta macho kwa kanga begani, akijifanya ni jasho.

Metroni alivua saa yake. Aliiweka kwenye kimeza, karibu na kikombe cha uji. Akakunja mkono wa gauni, akainama, akauingiza mkono kati ya sponji na godoro, kiganja juu, mpaka kwenye kiwiko. Akakaa hivyo, shavu likikaribia kugusa shuka la mgonjwa. Pampu ilibadilisha pumzi. Matumbo ya shufwa yakalegea, ya witiri yakainuka, na Kiraka, aliyezoea kutazama zaidi kuliko kutazamwa, aliona kitu kikipita usoni mwa Metroni, haraka, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina la utotoni.

Alipoutoa mkono, aliuangalia.

"Vipo," alisema. "Viwili. Labda na nusu."

Dada mtu akaachia pumzi. Bwana Stoo akatabasamu kabla hajajizuia.

Lakini Metroni alikuwa anavaa saa, na kila tundu la mkanda lilimrudisha alipokuwa. "Sawa. Godoro hili libaki. Wewe tia sahihi, Kiraka. Ripoti imeshafika juu, siwezi kwenda kuimeza. Tia sahihi, mgonjwa huyu abaki na godoro lake, na hili jambo lifie hapa."

"Na mengine saba?"

"Mengine yaende. Tutaomba mapya."

"Yatakuja lini?"

Metroni alikaza mkanda wa saa.

"Na yakija yatafungwa plasta?"

"Mdogo wangu," dada yake Fundi alimshika Kiraka mkono, akaufinya. "Tia. Nakuomba kwa jina la mama yako. Kidole tu hiki, ukichovye wino, umemaliza. Wewe unapungukiwa nini? Mopu nayo ni kazi. Huyu nimebaki naye mmoja."

Kiraka alimtazama. Alimtazama Fundi, aliyegeuzia uso ukutani ili asimsukume upande wowote. Kwenye kitanda cha sita, mzee aliyepooza upande mmoja alikuwa amelala juu ya godoro lililojaa ndi, limetuna kama ngoma, mwili wake umekaa juu juu bila kugusa vizuri popote. Kitanda cha tisa vilevile. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaziba, yote, na kuyarudisha wodini kwa fahari, na wodi ikayafanya mbao.

"Lete karatasi," alisema.

Bwana Stoo akampa, na kalamu kutoka sikioni, bado ina joto. Kiraka akaiweka karatasi juu ya pampu. Alisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, jinsi alivyofundishwa, kidole kikitambaa chini ya mstari, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipofika mwisho hakutia sahihi. Chini ya maandishi ya mashine, kwa herufi kubwa za shule ya msingi, aliandika:

*Kiraka hakivuji. Nimekizamisha mara tatu. Kitufe kilifungwa kwa plasta kwenye kilo 150. Mgonjwa ana kilo 52. Magodoro yote manane ni mazima.*

Hapo ndipo akatia sahihi. Jina lake kamili, lile ambalo hakuna muuguzi aliyelijua, lote, mpaka la babu.

"Umejiharibia," Metroni alisema baada ya kusoma.

"Inawezekana. Lakini wakitaka kulitoa godoro hili, waje na mzani, tumpime mtu mbele ya wote, kisha watoe. Nitakuwa hapa hapa."

"Hapa si mahali pako pa kazi."

"Leo ni pangu."

Metroni aliikunja karatasi mara mbili, akaishika kwa ncha za vidole, akaondoka nayo. Viatu vilisikika korido nzima, vikasita mahali fulani kwa muda mrefu, kisha vikaendelea. Hakuna aliyejua vilielekea upande gani.

Dada yake Fundi alimsogezea Kiraka kigoda kwa mguu. Huo ukawa mwisho wa ugomvi wao.

"Binti," mzee wa kitanda cha sita aliita, mdomo ukimwendea upande. "Hebu na mimi nitie mkono. Mwezi mzima nalala juu ya mbao, nikadhani ndio uzee wenyewe."

"Nakuja, babu. Nimalizie zamu hii ya pampu."

Saa nane magurudumu ya mkokoteni yalilia uani, yakaja mpaka chini ya dirisha, yakasimama. Bwana Stoo alijikuna kisogo. Alimtazama Kiraka, akamtazama muuguzi mwenye kitambaa, akatoka nje bila kuaga. Wakamsikia akisema, kwa sauti yake ile ya tangazo: "Ngoja kwanza. Fomu hii haijakamilika."

Kiraka alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono umeingia chini ya godoro mpaka kwapani, akihesabu dakika kumi na kuzirudia. Upepo ulipanda juu ya vidole vyake, ukashuka, ukapanda. Fundi alikuwa amelala. Hakusinzia tu kama siku zote. Alilala hasa, mdomo wazi, koo likikoroma kidogo, na dada yake alikuwa amesimamisha hewani upepeo aliokuwa akimpepea nao, asije akamwamsha.

Askari wa getini alitokea mlangoni, mkanda kaubana, sauti tayari kooni. "Unaitwa ofisini. Wamesema sasa hivi."

Kiraka alinyanyua kidole cha mkono ule uliokuwa huru. Hakugeuza kichwa.

Askari alingoja. Pampu ilinyamaza kidogo, ikabadilisha, na chini ya shuka mwili wa yule mtu ukainuka, kadiri ya upana wa kidole, ukatulia mahali papya. Askari alitazama hilo, akazikusanya funguo zilizokuwa zikining'inia kiunoni, akazishika kiganjani zisilie.